Chembe Zinazogawanyika, na Uvimbe wa Taya la Mtoto

Ukijikata kidole wakati wa kumenya muhogo, baada ya siku chache kidonda kinajifunga. Ngozi mpya imetoka wapi? Hakuna mtu aliyeishona. Imetoka katika ngozi iliyo kando ya kidonda, na tukifahamu jambo hilo vizuri, tutafahamu pia ugonjwa wa kansere.

Mwili wote umejengwa kwa vitu vidogo sana vinavyoitwa chembe ao seli, kama nyumba inavyojengwa kwa matofali. Jicho haliwezi kuziona bila mikroskopi. Lakini tofali halizai tofali lingine, na chembe inaweza. Inakua kidogo, inagawanyika, na tazama, zimekuwa mbili.

Katika kiini cha chembe mna nyuzi 46 nyembamba zinazoitwa kromosomu: 23 kutoka kwa baba na 23 kutoka kwa mama. Juu ya nyuzi hizi zimeandikwa amri za kazi yote ya chembe. Kabla ya kugawanyika, chembe inanakili kila uzi kusudi ziwe mara mbili. Halafu nyuzi zinapangwa katikati, zinavutwa huku na huku, na chembe inakatika. Kila upande unapata nyuzi 46 kamili. Mjerumani mmoja, Walther Flemming, alizitia rangi zipate kuonekana, akaeleza na kuchora kazi hii katika kitabu chake cha mwaka 1882. Kukatika kwenyewe kunachukua kama saa moja tu. Matayarisho ndiyo yanayochukua muda mrefu zaidi.

Chembe zote hazifanani katika kazi hii. Zile za ngozi ya ndani ya matumbo zinageuzwa kuwa mpya kila siku chache. Chembe nyekundu za damu zinaishi siku 120 hivi, na zingine zinatengenezwa ndani ya mifupa kushika nafasi yao. Chembe za neva za ubongo, karibu zote, hazigawanyiki tena baada ya mtoto kuzaliwa.

Basi kati ya amri hizo kuna zinazosema, Gawanyika! Kuna zingine zinazosema, Simama! Kidonda kikiisha kufunga, chembe zinasikia amri ya kusimama, na zinatii. Na chembe iliyoharibika sana inaamriwa kufa, isiwasumbue wenzake. Kansere ni chembe ambayo amri zake zimeharibika, nayo inaendelea kugawanyika bila kusimama, na watoto wake wanarithi uharibifu uleule. Mara nyingi makosa mengi yanapaswa kukusanyika, moja juu ya lingine, kwa miaka mingi. Ndiyo sababu kansere nyingi zinashika watu wazima na wazee.

Lakini iko moja inayoshika watoto wa inchi zetu za joto, zaidi wale wa miaka minne mpaka saba. (Watu wengine wanasema kansere ni ugonjwa wa Wazungu tu. Uvimbe huu unatosha kuwajibu.) Katika mwaka 1957 munganga Denis Burkitt, mtu wa Ireland aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, alimwona mtoto aliyevimba mataya pande zote mbili. Akaanza kutafuta wengine, na katika 1958 akaandika habari yao. Katika 1961 alisafiri kwa motokari majuma kumi, pamoja na wanganga wawili wa misioni, Ted Williams na Cliff Nelson, kilometa 16,000 hivi, toka Uganda mpaka Afrika ya Kusini, wakiuliza katika kila hospitali: Mmeuona uvimbe huu? Waliona kwamba unapatikana pahali penye joto na mvua, wala si katika milima mirefu yenye baridi. Ni pahali palepale penye malaria.

Leo sababu zinajulikana zaidi. Katika 1964 Anthony Epstein na wenzake katika London waliona virusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Virusi hivi vinapita kwa mate, na karibu watoto wote wa kwetu wanavipata wakingali wadogo bila kupata kansere. Kwa hiyo usiogope kumbeba mtoto mgonjwa ao kula naye. Malaria inayorudi mara kwa mara inazisukuma chembe za damu zinazolinda mwili zigawanyike sana, na virusi vinazuia zingine zisife. Katika kugawanyika kwingi namna hiyo, siku moja kipande cha kromosomu ya 8 kinakatika na kushikamana mara nyingi na ile ya 14, pahali ambapo kazi hailali kamwe. Amri ya kugawanyika ilikuwa katika kipande kile. Sasa haizimiki tena.

Hakuna uvimbe wa mtu unaokua upesi kupita huu. Tukisema unaongezeka mara mbili kila siku tatu, katika siku 15 utakuwa mkubwa mara 32. Fikiri basi juu ya mama anayengojea juma mbili apate pesa ya mbuzi, ao anayezunguka kwanza kwa watu wa kuchanja. Mara nyingi mwanzo wake ni jino la mtoto linalolegea bila sababu, ao jicho linalosukumwa nje, ao tumbo linalojaa. Wakilingoa jino, uvimbe unabaki. Kuukata kwa kisu hakusaidii pia.

Dawa inayosaidia ni ile inayoua chembe zinapogawanyika, na kwa sababu hizi zinagawanyika mbio, zinakufa mbio. Taya linaweza kupungua katika siku chache. Hapo wazazi wengi wanafurahi na kurudi nyumbani, na chembe zilizobaki zinaanza tena. Mtoto akae mpaka munganga aseme dawa imekwisha. Nywele zake zitaanguka, maana mizizi ya nywele nayo inagawanyika upesi; zitaota tena. Apewe maji mengi ya kunywa kama muuguzi anavyoagiza, kwa kuwa uchafu wa chembe nyingi zilizokufa kwa mara moja unaweza kuziba figo, na hatari hiyo ni kubwa zaidi katika siku za kwanza.