Chuma Kilichovunjika Kinafundisha

Pikipiki tunazijua. Ndani ya injini petroli huwaka na kuisukuma pistoni. Pistoni hupanda na kushuka. Mkono wake wa chuma huzungusha mtambo, gurudumu likaenda.

Huko Invercargill, nchini New Zealand, alikuwapo Burt Munro. Ufundi alijifunza mwenyewe. Mwaka 1920 alinunua pikipiki aina ya Indian. Ilikwenda kama kilometa 90 kwa saa. Yeye akataka zaidi.

Kiwanda hakuwa nacho, alikuwa na kibanda tu. Aliyeyusha madini, akayamimina katika makopo ya zamani, akapata pistoni. Mikono ya pistoni aliichonga kutoka ekseli ya trekta. Vingi vilivunjika. Je, alivitupa? La! Aliviweka rafuni.

Kwa nini tusitupe? Kwa sababu ufa huonyesha mahali chuma kilipozidiwa. Pale ndipo pa kuongeza nguvu. Na chuma kikikatika katika mwendo mkali, kinaweza kuua.

Mwaka 1967, akiwa na miaka 68, alikwenda Bonneville, Marekani, kwenye uwanda wa chumvi. Pikipiki ileile ilikimbia kilometa 296 kwa saa.

Basi ndugu, kifaa kikivunjika, tukiangalie kwanza.