Unatafuta wa kukusikiliza? Jihadhari na anayekuamulia

Kama unaishi Umoja, Kayole, Dandora au Jericho, unajua ilivyo vigumu kupata mahali pa kukaa kimya hata kwa dakika 10. Chumba ni kimoja, redio ya jirani ni kama yako, na manamba huanza kuita abiria kabla jogoo hajawika. Sasa tuseme una jambo linalokukera rohoni. Umemaliza kidato cha nne na kazi hakuna, wazazi wanataka uolewe, au umeanza kujiuliza kama Mungu unayemwomba anasikia. Utamwendea nani?

Wengi huenda kwa mtu wa kuwapa jibu papo hapo, na mitaa yetu haikosi mabango ya manabii wa kuponya, kutabiri na kuamuru. Usicheke. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini, wengi wao wakiwa wamefunga mpaka kufa wakitumaini kumwona Yesu. Miongoni mwa wafuasi hao walikuwamo watu waliosoma. Mtu akishamkabidhi mwenzake dhamiri yake, vyeti vya shule havimsaidii sana.

Katika Kanisa Katoliki kuna huduma ya zamani iitwayo uongozi wa kiroho. Jina lenyewe linapotosha kidogo, kwani kazi kubwa ya huyo kiongozi ni kusikiliza. Aghalabu mnaonana mara moja kwa mwezi, kama saa moja hivi. Atakuuliza umesali vipi, nini kimekupa amani, nini kimekunyima usingizi. Hayo si maungamo, kwa hivyo si lazima awe padri. Anaweza kuwa sista, au hata baba au mama mwenye familia yake, mradi amefunzwa. Wewe ndiwe unayemchagua, na unaweza kumwacha.

Aliyeacha alama kubwa katika huduma hii ni Inyasi wa Loyola, mwanajeshi wa Kihispania. Mwaka 1521 alivunjwa mguu na mzinga huko Pamplona. Akiwa kitandani aliomba hadithi za mashujaa na mapenzi. Nyumbani hazikuwapo, akapewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Hapo aligundua jambo. Akiwazia sifa za vita na mabibi wa kifalme alifurahi, kisha moyo ukabaki mkavu. Akiwazia kuishi kama watakatifu alifurahi, na furaha ikabaki. Kutoka hapo akaanza kupima mawazo kwa ladha yanayoiacha. Alianza kuwasaidia wengine kabla hajawa padri, na kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kiliidhinishwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548.

Mazoezi hayo kamili huchukua kama siku 30 za kimya. Najua utasema: nani ataniachia siku 30, mwenye nyumba? Inyasi mwenyewe aliliona hilo. Aliruhusu mtu mwenye shughuli ayafanye kidogo kidogo akiwa kwake nyumbani, huku akionana na kiongozi wake.

Kanuni yake moja nadhani kila mwanafunzi angeijua: ukiwa katika giza la roho, usibadilishe uamuzi uliofanya wakati wa amani. Umefeli mtihani leo, usiamue usiku huu kuacha chuo. Subiri, sali, ongea na mtu. Sisi tuliokariri katekisimu kwa maswali na majibu tulijua idadi ya sakramenti, lakini hakuna aliyetuambia la kufanya usiku ambao usingizi umekataa.

Kwa familia za Eastlands mlango wa karibu ni jumuiya ndogo ndogo. Maaskofu wa AMECEA walizungumzia mpango huo walipokutana Nairobi mwaka 1973, na mwaka 1976 wakaufanya jambo la kwanza katika kazi yao. Majirani hukutana nyumbani kwa mmoja wao, wengine wameketi kitandani, watoto mlangoni. Jumuiya nyingi hutumia zile hatua saba zilizotungwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: Injili inasomwa, kila mtu anataja neno lililomgusa, panafuata kimya, halafu watu wanashirikishana na kuulizana ni kazi gani iwafanywe wiki hiyo, pengine kuna mgonjwa hajapelekwa hospitali. Ni kweli kwamba jumuiya nyingine zimegeuka kuwa za michango tu, na vijana wamezikimbia. Hata hivyo, mama anayekaa kimya akikusikiliza huko mara nyingi ndiye atakayekuelekeza kwa mtu aliyefunzwa.

Anayetaka mafungo anaweza kuuliza parokiani kwake, au katika kituo cha Wajesuiti cha Mwangaza, upande wa Karen. Ni safari ya magari mawili kutoka Kayole, kwa hivyo uliza kwanza gharama na nafasi.

Na siku ya kwanza ukikutana na huyo kiongozi, mwulize kwa heshima alifunzwa wapi, na yeye mwenyewe anaongozwa na nani. Akikasirika, aga upande matatu urudi nyumbani.