Hoteli Yako Ndogo: Mtoto Akiingia, Atatoka Salama?



Mara ya mwisho tulizungumza juu ya kuhara kwa watoto, na baadaye wengi wenu mlinisimamisha njiani mkaniuliza swali moja: "Sista, mimi natoka alfajiri kwenda kazini, mtoto anakula mchana hotelini kwa mama fulani. Nitajuaje kama pale ni pazuri?" Kina mama wenye hoteli nao wakauliza kwa upande wao: nipange vipi chumba changu ili watu waje na watoto wao bila wasiwasi? Leo nitajibu maswali yote mawili pamoja, kwa sababu jibu lake ni moja.

Nikisema hoteli, sisemi zile za mjini zenye mlinzi mlangoni. Nasema chumba cha futi kumi kwa kumi kinachotazama barabara, kiwe Phase 1 au Phase 5, chenye mabenchi mawili, sufuria ya madondo, karai la mandazi na jiko la makaa pale mlangoni. Dandora ilianza kujengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambapo mtu alipewa ploti yenye choo na maji, kisha akajijengea vyumba mwenyewe kadiri ya uwezo wake. Vyumba hivyo vilikusudiwa watu kulala. Leo vingi vya mbele ni maduka, saluni na hoteli. Kwa hiyo usishangae hoteli yako ikikubana. Haikujengwa iwe hoteli, na ndiyo maana mpangilio unahitaji kufikiriwa.

Asubuhi moja nikiwa zamu, mama aliletwa na boda boda akiwa amemkumbatia mtoto wa mwaka mmoja na miezi kadhaa, amefungwa leso. Mtoto alikuwa amevuta kitambaa cha meza ili asimame, kama watoto wa umri huo wafanyavyo, na birika la chai likamwagikia kifuani na mkononi. Jirani mwema alikuwa amempaka dawa ya meno kila mahali. Ilinibidi kuiosha ile dawa ya meno kwanza, mtoto akilia, ndipo nikaona ukubwa wa kidonda. Huko nje watu walikuwa wakisema, "Mama huyu alikuwa wapi?" Mama alikuwa hatua mbili tu kutoka kwa mtoto, akimpakulia mteja chapati.

Baada ya siku chache nilitembelea hoteli ile. Kitambaa cha nailoni chenye maua kilikuwa kimening'inia hadi usawa wa uso wa mtoto. Jiko la pili lilikuwa sakafuni, kati ya mlango na benchi, na kila aliyeingia alilazimika kuliruka. Nikajiambia kwamba hata mimi ningekuwa pale, siku moja ajali ingetokea. Yule mama hakuwa mzembe. Chumba kilikuwa kimepangwa vibaya.

Basi nakuomba ufanye jambo moja ambalo halina gharama. Kabla ya kufungua kesho, piga magoti mlangoni, utazame chumba chako kwa macho ya mtoto wa miaka miwili. Utaona mpini wa sufuria uliotokeza. Utaona waya wa umeme unaovutika, kisu ukingoni mwa meza, ndoo ya maji ambayo mtoto anaweza kuingia kichwa chini. Mtoto mdogo huweza kuzama katika maji kidogo ndani ya ndoo, kwa hiyo ndoo iwe na kifuniko kinachokaza.

Sasa tuje kwenye jiko, maana hapo ndipo penye taabu kubwa. Najua kwa nini jiko huwekwa mlangoni. Moshi unatoka, na harufu ya chapati inaita wateja bila tangazo. Sikukatazi. Lakini liinue. Jenga kijukwaa cha matofali kinachofika kiunoni mwako, upande mmoja wa mlango na si katikati. Kisha weka kizuizi cha mbao au mabati kati ya jiko na wateja, kiwe kirefu kuliko mtoto. Njia ya mteja isipite penye moto, na pakiwa na hatua moja kubwa kati ya jiko na benchi la karibu, ni afadhali. Mipini yote igeukie ndani. Karai la mafuta ya moto lisibebwe kupita katikati ya watu. Liache lipoe hapo hapo. Mafuta yakishika moto, usimwagie maji kamwe, kwa sababu moto utaruka hadi darini. Funika kwa kifuniko au sufuria pana, kisha ukate moto chini. Ndoo ya mchanga kando ya jiko ni rahisi kuipata.

Wanaotumia gesi, mtungi usimame wima, mahali penye hewa, mbali na jiko la makaa. Kagua mpira kwa kupaka povu la sabuni. Ukiona mapovu yanatoka, gesi inavuja. Nunua kwa muuzaji anayetambuliwa. Sote tunakumbuka usiku wa tarehe 1 Februari 2024, pale Embakasi, gari lililobeba gesi lilipolipuka, watu wakafariki na mamia wakajeruhiwa. Mtungi wa bei ya chini uliojazwa kichochoroni si nafuu.

Neno juu ya moshi. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa mtoto wa chini ya miaka mitano anayevuta moshi wa jikoni yuko katika hatari ya nimonia karibu mara mbili ya mwenzake. Ukimfunga mtoto mgongoni ukipika, pua yake iko juu ya sufuria pamoja na yako. Dirisha lililo mkabala na mlango husaidia sana. Mwombe mwenye ploti ruhusa ya kulitoboa. Na wale mnaofunga hoteli usiku mkalala humo humo, msilale na jiko la makaa linalowaka, hata kama ni baridi ya Julai. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu hulala wasiamke.

Mtoto akiungua je? Mtoe penye moto, mvue nguo iliyolowa isipokuwa ile iliyonata kwenye ngozi, kisha ummwagie maji baridi safi yanayotiririka kwa dakika 20. Nasema dakika 20 kwa saa, si mara moja na kumaliza. Usitumie barafu. Usipake dawa ya meno, yai, unga wala mafuta ya kupikia. Funika kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, mfunike mtoto sehemu nyingine apate joto, mwende kituo cha afya. Akiwa ameungua usoni, mkononi, sehemu za siri, au akiwa mchanga, msingoje hata kama kidonda kinaonekana kidogo.

Maji. Wewe mlezi unayetafuta hoteli nzuri, tazama kwanza mahali pa kunawia. Beseni moja ambalo watu kumi wananawa ndani yake si kunawa, ni kugawana uchafu. Panatakiwa ndoo yenye mfereji, sabuni, na ndoo ya chini ya kupokea maji machafu. Weka na kigoda kidogo ili mtoto afikie. Maji ya kunywa yawe yamechemshwa au yametiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na yangojewe nusu saa. Usichovye kikombe mtungini. Kipindupindu hakibagui: mwaka 2017 kiliwapata watu waliokuwa katika mkutano kwenye hoteli kubwa hapa Nairobi, wala si sisi wa mabati peke yetu.

Kuna kitu kinachonikera kila ninapoingia hoteli, nacho ni kile kitambaa kimoja. Kinafuta meza, kinafuta mikono, halafu kinafuta sahani inayopakuliwa chakula. Mama, sahani ikishaoshwa na kusuuzwa, iache ikauke yenyewe juu ya kichanja cha mbao. Hewa na jua ni vya bure.

Chakula chenyewe sitakieleza sana leo, ila kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila kuwekwa kwenye joto. Kiwe cha moto kabisa au kiwe baridi ndani ya friji. Uvuguvugu ndio vijidudu wanaoupenda. Madondo ya jana yachemshwe upya hadi yatokote, si kupashwa tu. Bado naona githeri iliyofunikwa kwa nailoni chini ya kifuniko ili iive upesi. Mifuko ya nailoni ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na hata kabla ya hapo haikutengenezwa kupikiwa. Ikipata moto huweza kuachia kemikali kwenye chakula. Kifuniko kizito chenye jiwe juu kinatosha.

Sisi wa Dandora tuna jambo letu ambalo wa mitaa mingine hawanalo. Jaa la taka limekuwa jirani yetu tangu miaka ya 1970, na lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini magari hayakuacha kumwaga. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa utafiti uliowapima watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa wakati ule. Risasi huharibu ubongo wa mtoto polepole, na mama haoni dalili mapema. Hoteli yako haiwezi kuhamisha jaa. Inaweza kupunguza vumbi na nzi vinavyofika kwenye sahani. Mandazi na chapati vikae ndani ya sanduku la kioo au kabati ya wavu. Meza ifutwe kwa kitambaa chenye maji kabla ya chakula, na sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa ili vumbi lisiruke. Ndoo au mapipa yaliyotoka jaani, yaliyokuwa na rangi au kemikali, yasihifadhi maji wala unga hata ukiyasugua namna gani.

Hadi hapa nimesema ya usalama. Na ukarimu? Kwangu mimi hayo mawili hayaachani sana. Mama mjamzito hapendi benchi lisilo na mgongo. Egemeza moja ukutani, umwachie. Nyanya mwenye magoti mabaya hushindwa na kile kizingiti kirefu cha mlangoni. Weka tofali moja liwe ngazi. Mama anayenyonyesha mpe kona mbali na moto na mbali na macho, na usimtazame kana kwamba amekosa. Sigara isivutwe ndani. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza, kwa hiyo huna haja ya kugombana na mteja, mwonyeshe kibao. Ukuta ukipakwa rangi nyeupe au ya maziwa, chumba huonekana kikubwa na uchafu huonekana mapema. Hapa kwetu vijana wa Dandora Transformation League wametuonyesha katika miaka ya 2010 jinsi rangi, miti na geti vinavyoweza kubadilisha uwanja wa ploti uliokuwa dampo ukawa mahali pa watoto kucheza.

Ukiwa mlezi, una haki ya kuuliza mwenye hoteli kama yeye na wasaidizi wake wana cheti cha afya cha wanaoshika chakula, ambacho hupimwa upya kila miezi sita. Uliza kwa adabu. Mwenye cheti hukasirika mara chache. Wengi wamekitundika ukutani tayari. Mwenye kuhara au kidonda cha mkono apumzishwe kupakua hadi apone. Najua siku ya kupumzika ni siku bila mshahara. Mpe kazi ya kuokota pesa au kuita wateja.

Mama mmoja aliniambia, "Sista, hayo yote ni pesa." Tukakaa chini tukahesabu pamoja. Kutoa kitambaa cha meza hakuna gharama. Kugeuza mipini, hakuna. Kuhamisha benchi, hakuna. Matofali aliomba kwa fundi aliyekuwa akijenga ploti ya jirani. Alichonunua ni ndoo yenye mfereji na ubao wa kizuizi. Sanduku la kioo alilipata miezi mitatu baadaye kupitia chama chao. Nilipopita tena nilikuta watoto wawili wa shule wamekaa kwenye benchi la ukutani wakila madondo, na mdogo wa mwenye hoteli anacheza na vifuniko vya soda nyuma ya ule ubao, mbali na moto.

Na wewe unayeuza uji au viazi vya kukaanga kando ya barabara bila chumba, sijakusahau. Wewe kizuizi chako ni meza: kaa wewe na jiko upande mmoja, wateja upande wa pili, na mtoto wako asiwe kati ya jiko na barabara. Ukikosa wa kumwangalia, bora umwache kwa jirani saa zile za jioni ambazo mafuta yanachemka na watu wanasukumana.

Maswali yaandikeni, mniletee kliniki siku ya kupima watoto uzito. Tutaonana kipindi kijacho, tuzungumze juu ya chakula cha mtoto anayeanza kuachishwa ziwa.