Steril ya kariyere njo bulongo inayotulisha

Ndugu wachimbaji, mama na baba wa nyumba, ninyi mnajua udongo kuliko watu wengi wa mjini. Mchimbaji akishuka mu shimo, anasoma ukuta wake kama mutu anavyosoma gazeti. Juu kuna udongo mweusi wenye mizizi. Chini yake kuna wa kahawia ama wa njano, halafu mchanga, halafu kokoto, ile «gravier» tunayoitafuta kwa sababu dhahabu ama diamanti inalala mule. Kila kitu kilicho juu ya kokoto tumekipa jina moja: steril. Maana yake, kisichozaa. Tunakitupa kando, mvua inakibeba, na hakuna anayekililia.

Lakini kando ya mto Kongo na mto Aruwimi, kuanzia Kisangani mpaka Basoko na Barumbu, ile steril mara mingi njo udongo bora kuliko wote tulio nao. Leo mu ukurasa huu tunataka kueleza juu ya nini, namna ya kuutambua kwa mkono, majina ambayo wataalamu wameupa, na mambo ya kufanya ili shimo la leo lisile chakula cha kesho.

Mto unapanga mizigo yake

Barumbu iko teritwari ya Basoko, mu provensi ya Tshopo, ku ukingo wa mto Kongo. Jirani yake, pale Basoko, Aruwimi inaingia mu mto mkubwa. Aruwimi inatoka mbali. Kule juu inaitwa Ituri, na inapokutana na Nepoko ku Bomili njo inachukua jina la Aruwimi, kisha inapita Banalia na Yambuya. Kwa hiyo potopoto tunayokanyaga Basoko ilisafiri. Sehemu yake ilikuwa mlima ama shamba la watu wengine.

Mto ukijaa na kupanda ukingo, maji yanaanza kwenda polepole, na mzigo unaanguka kwa zamu. Mchanga ni mzito, unaanguka kwanza, pale pale ku ukingo. Ndiyo maana ukingo unakuwa juu kidogo, na vijiji vinapenda kukaa pale. Chembe laini sana, za udongo wa mfinyanzi, zinakwenda mbali, zinatua nyuma ku mabondeni fasi maji yanalala wiki na wiki. Katikati ya hizo mbili, mchanga, tope laini na mfinyanzi vinachanganyika. Huo mchanganyiko njo unaitwa udongo tifutifu. Kwa Kifaransa watu wanasema «limon», lakini neno hilo lina maana mbili: wakati mwingine ni mchanganyiko wote, wakati mwingine ni ile tope laini peke yake.

Tofauti ni ukubwa wa chembe tu. Chembe ya mchanga inaweza kufika milimita 2, na jicho linaiona. Tope laini iko chini ya milimita 0.06, na ukiisugua kwa vidole inateleza kama unga. Mfinyanzi uko chini ya milimita 0.002, na unanata. Mu vipimo vya Wamarekani, udongo unaitwa tifutifu kama una mchanga asilimia 23 mpaka 52, tope laini 28 mpaka 50, na mfinyanzi 7 mpaka 27.

Sasa, faida yake ni nini? Angalia maji. Shirika la FAO linatoa hesabu hii: mu mita moja ya kwenda chini, udongo wa mchanga unawekea mimea milimita 25 mpaka 100 za maji, tifutifu 100 mpaka 175, mfinyanzi 175 mpaka 250. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Yaani, chini ya kila mita ya mraba ya shamba la tifutifu kuna mabidoni matano mpaka karibu tisa ya lita 20, bila mama kwenda kuteka. Mfinyanzi unaweka maji mingi zaidi, ni kweli, lakini hauna hewa: ukilowa unafunga mizizi, ukikauka unapasuka. Mchanga una hewa lakini maji yanaukimbia. Tifutifu uko katikati, na mahindi, mboga, karanga na makemba vinaupenda.

Jaribio la mkono na la chupa

Hakuna haja ya laboratware. Chukua udongo wa kujaa kiganja, toa mizizi na mawe, weka maji kidogo kidogo, ukande kama fufu. Ukikataa kabisa kushikana, ni mchanga. Ukishikana, ufinye kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, uutoe nje kama utepe. Utepe ukikatika kabla ya sentimita 2 na nusu, uko ku familia ya tifutifu. Ukifika kati ya 2 na nusu na 5, ni tifutifu yenye mfinyanzi mingi. Ukipita 5, ni mfinyanzi wenyewe, ule wa kutengeneza nyungu na matofali.

Kama unataka kuona kwa macho, twaa chupa nyeupe, jaza udongo mpaka sehemu ya tatu, ongeza maji, funga, tikisa kwa nguvu, halafu uiache. Mchanga unatua ndani ya dakika moja hivi. Tope laini inachukua masaa. Mfinyanzi unaweza kubaki juu siku nzima na zaidi. Kesho yake pima kila tabaka kwa rula. Watoto wa shule wanaweza kuifanya kazi hii vizuri kabisa.

Tena angalia rangi. Mu ukuta wa shimo ukiona udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu, jua maji yanalala pale sehemu ya mwaka. Mpunga utavumilia, muhogo utaoza. Ukiona tabaka jeusi, halafu jeupe la mchanga, halafu jeusi tena chini, ile nyeusi ya chini ilikuwa shamba ama msitu wa zamani ambao mto uliufunika.

Majina ya wataalamu

Hii ya tabaka nyeusi chini ya nyeupe si jambo dogo. Njo moja ya alama ambazo wataalamu wanatumia kutoa jina. Na kazi hiyo ya majina ilifanyika sana hapa kwetu. Mu 1933 wakoloni Wabelgiji waliunda INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, na kituo chake kikubwa kilikuwa Yangambi, kati ya Kisangani na Barumbu. Barumbu yenyewe ilikuwa moja ya vituo vyake. Kisha uhuru, nafasi yake ilichukuliwa na INERA, ambayo iko Yangambi mpaka leo. Mu 1960 mtaalamu Sys alitoa ramani ya udongo ya Kongo nzima pamoja na Rwanda na Burundi za wakati ule.

Watu wa INEAC waliweka udongo mzee wa kilimani, ule mwekundu ama wa njano, mu kundi la «kaolisoli», kwa sababu mfinyanzi wake ni wa aina ya kaolini. Udongo ambao mto umeuweka juzi juzi waliuita udongo mpya wa tropiki. Baadaye, mu 1974, FAO na UNESCO walitoa majina ya dunia nzima, na yanatumika bado: udongo wa kilimani kwetu mwingi ni «ferralsoli», udongo wa mto ni «fluvisoli», kutoka neno la Kilatini la mto. Fluvisoli zinafunika hekta karibu milioni 350 duniani, ferralsoli hekta karibu milioni 750.

Tusichanganye mambo mawili. Fluvisoli ni jina la ukoo: linasema udongo ulitoka wapi. Tifutifu ni jina la tabia: linasema uko namna gani mkononi. Kuna fluvisoli ya mchanga, kuna ya mfinyanzi, na kuna ya tifutifu. Ukipata hii ya mwisho, umepata shamba.

Utajiri wenyewe uko juu

Udongo wa kilimani umeoshwa na mvua kwa muda mrefu sana. Kaolini haina nguvu ya kushika chakula cha mimea. Ndiyo maana shamba la msituni linazaa miaka miwili ama mitatu, kisha tunaliacha lipumzike na kwenda kukata fasi nyingine. Shamba la kando ya mto linaweza kulimwa tena na tena, kwa sababu mafuriko yanaleta tabaka jipya.

Lakini tusijidanganye, si muujiza. Mto wetu unabeba udongo wa nchi hii hii, na mu mzigo wake kaolini na mchanga ni mingi. Nguvu ya shamba inatoka zaidi ku majani yaliyooza, mizizi, minyoo na tope laini, na vyote hivyo vinakaa juu, mu sentimita 20 ama 30 za kwanza. Hizo sentimita njo tunazipiga mpau asubuhi ya kwanza ya kufungua shimo.

Hapa kuna jambo la nyumbani. Mara mingi baba anachimba, mama analima, na wote wawili wako ku bonde moja. Feza ya gramu moja inaisha upesi, hasa ku kariyere fasi chakula kinatoka mbali na bei iko juu. Shamba likiharibika, sombe na mahindi yanunuliwe. Ukilichanganya tabaka la juu na mchanga wa chini, ukaacha kokoto iliyooshwa juu ya yote, hakuna kitu kitaota vizuri pale kwa miaka mingi.

Basi tufanye hivi. Kabla ya kuchimba, ondoa sentimita 30 za juu na uziweke peke yake, upande wa juu, mbali na maji ya mvua. Fungu lisipite mita 2 kimo, na ulifunike kwa majani ama upande kunde juu yake. Udongo wa pili, wa kahawia, weka fungu lingine. Kokoto ioshe pembeni, si katikati ya shamba. Ukimaliza, rudisha kwa mpango: kokoto chini, udongo wa kahawia juu yake, mweusi mwisho. Ni kazi ya siku kadhaa zaidi, tunajua. Lakini anayeachia mwenye shamba udongo wake wa juu, kesho anaweza kuomba ruhusa tena. Anayeacha mashimo na maji ya mbu, mlango umefungwa.

Kinachoshika mbolea kinashika sumu pia

Kuna neno la mwisho kwa wale wa dhahabu, kwa sababu wa diamanti hawatumii zebaki, ile tunaita «mercure». Zebaki inakamata dhahabu, halafu tunaichoma. Sehemu inapanda kama moshi, sehemu inakwenda na maji ya kuoshea. Mu mchanga inaweza kupita. Mu tifutifu na mfinyanzi inanata, kwa sababu chembe zile zile laini na ule uchafu mweusi wa majani, vinavyoshika chakula cha mimea, vinashika zebaki pia. Na fasi maji yanalala, vijidudu vya mu tope vinaigeuza kuwa sumu kali zaidi inayoingia ndani ya samaki. Kutoka samaki inaingia kwa mama mwenye mimba, na inaharibu ubongo wa mtoto ambaye bado hajazaliwa. Hakuna sabuni ya kuosha udongo huo.

Kwa hiyo, tusioshee mchanganyiko wa zebaki mu mashimo ya shamba wala mu kijito kinachoingia bondeni. Tusiichome mu kikuku ya nyumba, mbele ya watoto. Sufuria ya zebaki isirudi tena ku chakula.

Mto utaendelea kupanda. Mu Januari 2024 mto Kongo ulifika mita 6.20 ku kipimo cha Kinshasa, karibu sawa na mita 6.26 za 1961, mafuriko ambayo wazee wanayataja mpaka leo. Maji ya namna hiyo yanachukua kila kitu kilicholegea. Fungu la udongo mweusi lililoachwa bila kufunikwa linakwenda nayo, na zebaki iliyolala ku kijito inasambazwa ku mashamba ya watu wa chini. Bulongo iliyorudishwa mu shimo na kupandwa majani, yenyewe, iko na mizizi ya kuishika.

Kwa hiyo, ndugu, safari ijayo mkifungua shimo kando ya mto, kabla ya kusema «steril», chukueni kiganja kimoja, mkande, mtoe utepe. Ukikatika kabla ya sentimita 2 na nusu, mwiteni mwenye shamba kwanza mkubaliane fasi ya kuweka udongo wake.