Baba anayesomwa makaburini

Chukua wasifu wa mzee yeyote aliyezikwa juzi Moshi, Mbeya au Dar es Salaam, ufiche jina na picha, kisha uwasomee waombolezaji wa msiba mwingine. Hawatashtuka mpaka ufike kwenye jina la kijiji. Karatasi huwa moja au mbili, zimechapwa usiku wa kuamkia mazishi kwenye steshenari ya jirani, na mtiririko wake kila mtu anaujua: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alifunga ndoa, alijaliwa watoto. Kisha inakuja aya ndefu kuliko zote, ya ugonjwa. Presha ilianza lini, sukari ikafuata lini, alilazwa wapi, akahamishiwa wapi, na madaktari gani wanashukuriwa. Mwisho tunaambiwa marehemu alikuwa mcheshi, mpenda watu na mcha Mungu, na kwamba ameacha pengo lisilozibika. Mtu aliyeishi miaka 75 anapata mistari michache ya kuishi na mingi ya kuumwa.

Nia ni njema, wala siwacheki wafiwa wanaoandika huku hawajalala siku mbili. Ila naona sifa za jumla namna hii zinatunyima baba mwenyewe. Mtu hujulikana kwa maamuzi yake, na maamuzi ya baba mwenye familia kubwa na kipato kidogo ni nadra kuwa safi pande zote. Fikiria mzee aliyesomesha watoto wa marehemu kaka yake kwa mshahara wa karani, watoto wake mwenyewe wakarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Wasifu utasema alisaidia ndugu wengi, na hapo habari yote imekwisha. Hatutajua aliwezaje kuchagua, mkewe alisema nini, wala kwa nini mtoto wa kwanza alikaa miaka mingi bila kuja nyumbani Krismasi. Hata hivyo, hilo ndilo tendo kubwa la maisha yake: lilikuwa ukarimu na lilikuwa dhuluma kwa wakati mmoja, na anayelisimulia lote ndiye anayemkumbuka. Anayesema tu kwamba alikuwa mkarimu anamkumbuka mzee yeyote.

Nitajibiwa kwamba maiti hasemwi. Ni kweli, dini zetu na mila zetu zinahimiza kutaja mema ya waliotangulia, na mtu ambaye hawezi tena kujitetea anastahili staha. Lakini tuangalie staha hiyo inavyotendeka. Katika mazishi ya Waislamu, kuanzia Tanga hadi Kigoma, husimama mtu wa familia mbele ya jeneza na kutangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze, awaone wanawe au fulani, deni litalipwa. Hakuna anayeguna. Hakuna anayesema familia imemvua nguo mzee wao. Mafundisho yenyewe yanasimulia kwamba Mtume alikuwa akiuliza kama maiti ana deni kabla ya kumsalia, na katika mirathi ya Kiislamu, baada ya gharama za mazishi, deni hulipwa kabla ya warithi kugusa chochote. Maana yake ni kwamba palepale penye heshima kubwa kuliko zote tumeshazoea kukiri hadharani kuwa baba huenda ameondoka na kitu cha watu. Tunakiri kwa sababu tunampenda na tunataka apumzike. Kama deni la fedha linaweza kutajwa mbele ya jeneza bila kumdhalilisha, sioni kwa nini deni la ahadi, au la miaka aliyokuwa mbali na wanawe akifanya kazi migodini, liwe mwiko hata ndani ya ukumbusho wa familia.

Mfano mkubwa zaidi tunao kwa yule ambaye taifa zima linamwita Baba. Julius Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na kila mwaka siku hiyo tunasikia hotuba ambazo, ukiondoa jina, zinafanana sana na karatasi ya steshenari: mzalendo, mwadilifu, mnyenyekevu. Mwenyewe hakujipa nafasi ndogo kiasi hicho. Katika mahojiano ya 1984, alipoulizwa angebadilisha nini kama angeanza upya, alitaja kufutwa kwa serikali za mitaa na kuvunjwa kwa vyama vya ushirika, mambo yaliyotendeka chini yake mwenyewe miaka ya sabini. Nalo Kanisa Katoliki, ambalo mwaka 2005 lilianzisha katika Jimbo la Musoma mchakato wa kumtangaza mwenye heri, halikusanyi sifa peke yake. Uchunguzi wa namna hiyo hutakiwa kupokea ushahidi unaomuunga mkono mhusika na unaompinga. Kwa karne kadhaa Vatikani ilikuwa hata na ofisa wa kupinga, aliyezoeleka kuitwa wakili wa shetani. Utaratibu ukabadilishwa mwaka 1983, ila sharti la kusikia pande zote likabaki. Yaani taasisi inayotoa heshima ya juu kuliko zote huuliza na mabaya pia. Na mwaka 2020, Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata walipochapisha wasifu wa Mwalimu Nyerere wa juzuu tatu, watu waliompenda Mwalimu walisoma humo habari za sheria ya kuwaweka watu kizuizini ya 1962 pamoja na habari za Azimio la Arusha. Sijasikia kwamba kaburi lake la Butiama limepungukiwa wageni kwa sababu hiyo.

Baba wa nyumbani hana wanahistoria watatu. Ana kamati ya msiba na saa chache za usiku, na katika saa hizo sentensi inayogombewa kuliko zote ni fupi: idadi ya watoto. Wapo wa ndani, yupo wa nje anayejulikana, na yupo mmoja ambaye kila mtu mzima anajua habari zake lakini hajawahi kutajwa sebuleni. Wasifu ukisema watoto sita huku wa saba ameketi chini ya turubai anasikiliza, uongo huo haumlindi marehemu, unamwadhibu mtoto. Wala haudumu. Wiki chache baadaye familia inakwenda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi, ikiwa na muhtasari wa kikao cha ukoo wenye orodha ya warithi, na hapo wa saba anasimama kuweka pingamizi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto kufaidi kwa kiasi kinachofaa mali ya mzazi wake, na dini na mila nazo zina kanuni zake, zisizofanana, kuhusu nani anarithi nini. Lililofichwa makaburini kwa jina la heshima linasomwa kwa sauti mbele ya hakimu, safari hii kwa hasira. Ningependa kuamini kwamba baba mwenye akili timamu, angeulizwa, angechagua kutajwa na wanawe saba kuliko kugombewa na sita.

Pingamizi ninalolikubali, angalau nusu yake, ni la wakati. Mjane aliyevishwa khanga na kuketi mkekani hapaswi kusikia, mbele ya umati na kipaza sauti cha kukodi, habari za nyumba ndogo ya mumewe. Siku ya mazishi ni ya kuzika. Lakini desturi zetu hazikutupa siku hiyo peke yake. Kuna kuanua matanga, kuna arobaini, kuna hitima na misa za kumbukumbu, kuna siku ya kujengea kaburi ambapo ukoo wote unarudi kijijini. Misiba ya Pwani na ya bara inatofautiana kwa mengi, ila yote inagawa maombolezo kwa awamu, kana kwamba waliotutangulia walijua kuwa si kila neno linabebeka siku ya kwanza. Karatasi ya mazishi na ibaki fupi. Arobaini ndiyo ingeweza kubeba simulizi lenyewe, mbele ya watu wachache wanaohusika, kwa sauti ya kawaida. Yapo pia ya kutosemwa hata hapo. Siri ambayo mwenye nayo bado yu hai, ikiwa inamwumiza yeye kuliko marehemu, ni yake. Kipimo ninachokiona ni nani ananufaika na ukimya. Kama ni mnyonge, tunyamaze. Kama ni sura ya marehemu tu, na kwa hasara ya aliyepigwa au kutelekezwa naye, basi kumwita baba mwema hadharani ni kumlazimisha huyo aitikie amina kwa jambo analojua si kweli.

Wengine husema tusihangaike na karatasi, majina yanatosha. Wakikuyu humpa mtoto wa kiume wa kwanza jina la babu mzaa baba, na jamii nyingine nyingi zina utaratibu wa aina hiyo. Ni desturi nzuri, lakini inarithisha jina na kuacha nyuma habari. Wajukuu watano wenye jina moja wanaweza kukua bila kujua babu alifukuzwa kazi mwaka gani na kwa nini.

Habari hizo hazipatikani usiku wa msiba. Zinapatikana mzee akiwa hai, na si kwa kumketisha kama shahidi mahakamani. Maswali madogo hufungua mengi: mshahara wa kwanza ulikuwa shilingi ngapi, kiwanja hiki ulinunua kwa nani na fedha ulikopa wapi, ile safari ya Mwanza mlikwenda na nani. Mababa wengi wa kizazi kile hawapendi kujieleza, na watakujibu kwa neno moja huku wakitafuta redio. Hapo umwendee shangazi. Yeye ndiye aliyemwona kaka yake kabla hajawa baba wa mtu, anajua shamba liliuzwaje na nani alilia, na mara nyingi hajaulizwa kwa sababu siku ya msiba yuko uani anasimamia sufuria.