Dripu imeisha, kutapika bado

Mwanamke wa Kasulu au Kibondo mwenye saratani ya matiti akipewa rufaa kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, hupita Kakonko, Nyakanazi na Geita. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hakuna tena kusubiri kivuko, ila safari ni ndefu vilevile. Dozi ya tibakemikali huwekwa kila baada ya wiki tatu, na katikati wengi hurudi nyumbani. Hapo ndipo shida ilipo: dripu huisha hospitalini, matapishi humkuta njiani.

Dawa zinazotumika sana kwa saratani hiyo ni doksorubisini, ile nyekundu inayobadilisha hata rangi ya mkojo, pamoja na saiklofosfamidi. Zikiwekwa pamoja bila kinga, zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100 hutapika. Saiklofosfamidi ina ujanja wake: yaweza kukaa kimya saa sita au zaidi ndipo ianze.

Dawa hizi huumiza seli za utumbo, nazo humwaga kemikali iitwayo serotonini. Hiyo huamsha mshipa wa fahamu unaopanda hadi kwenye ubongo, na ubongo, ukidhani mtu amekula sumu, huamuru atapike. Ondansetroni huzuia ujumbe huo. Lakini baada ya saa 24 huja wimbi la pili, linaloweza kuendelea hadi siku ya tano. Hili huendeshwa zaidi na kemikali nyingine ya mwilini, na ondansetroni peke yake haifui dafu. Deksamethasoni husaidia, aprepitanti pia. Mimi naipa kura olanzapini, dawa ya zamani ya magonjwa ya akili na ya bei nafuu. Mwaka 2024 watafiti wa India walionyesha kuwa miligramu 2.5 hukinga sawa na 10, tena bila kumlemea mgonjwa kwa usingizi kiasi kile. Kwa hospitali zetu, habari hiyo ina faida kuliko dawa mpya ya bei ya kuruka.

Wako wanaotapika kuliko wengine: wanawake wenye umri mdogo, waliosumbuliwa sana na ujauzito, na wale ambao gari huwachafua moyo. Mwambie daktari hayo kabla ya dozi ya kwanza, kwa sababu ikienda vibaya, safari ijayo harufu ya wodi tu yatosha kukutapisha. Na wanaosema kutapika ni dalili kwamba dawa inafanya kazi wanakosea.

Nyumbani, dagaa na migebuka vikaangwe mbali na mgonjwa. Anywe uji mwepesi kidogo kidogo, mara nyingi. Kuhusu tangawizi tafiti zinapingana. Chai yake anywe akipenda, isichukue nafasi ya vidonge.

Jambo moja halina mjadala. Mgonjwa wa tibakemikali akipata joto la nyuzi 38, msikimbilie kununua dawa ya malaria dukani. Kinga yake iko chini, na maambukizi yanaweza kumuua haraka. Apelekwe hospitali ya wilaya saa hiyohiyo, na mseme wazi kuwa yuko kwenye dripu za saratani. Afanye vivyo hivyo akishindwa kushikilia hata maji kwa siku nzima.

Na kabla hujapanda basi la kurudi, muulize muuguzi: vidonge vyangu vya siku ya pili hadi ya nne viko wapi?