Je, Wajua? Elektroni hupanda wimbi la leza
Mwaka 2014, wanasayansi wa maabara ya Berkeley, California, walizifikisha elektroni kwenye nishati ya elektronivolti bilioni 4.2 ndani ya kijibomba cha sentimita 9 tu! Mtambo mkongwe wa Stanford wa kuongezea elektroni kasi, wenye nguvu zaidi, umenyooka kilomita 3.2.

Siri ni leza. Mpigo wake, usiodumu hata sehemu moja ya trilioni ya sekunde, hupenya plazima (gesi ya chembe zenye chaji) ya hidrojeni na kuzisukuma elektroni kando. Nyuma yake huinuka wimbi kali la umeme, na elektroni nyingine hulipanda kama ngalawa inayobebwa na wimbi la bahari.

Cha kustaajabisha zaidi, wanafizikia Toshiki Tajima na John Dawson walilipigia hesabu jambo hili mwaka 1979, kabla leza zenye nguvu hiyo hazijakuwapo.